Mtoto Asiyenukia

Esteri Nsengimana hakuwa na sura ya kuogopesha. Alikuwa mfupi, mpana wa kiuno, na kicheko chake kilifika mbali. Akianza visa vyake pale kwenye chemchemi, ndoo zilijaa zikamwagika na hakuna mwanamke aliyejali. Lakini mwenye mimba akikutana naye njiani alishusha macho. Haikuwa heshima peke yake. Kulikuwa na woga ndani ya heshima hiyo, Esteri aliujua, na tuseme ukweli jamani, ulimpendeza kidogo.

Alikuwa mkunga, kama mama yake na bibi yake kabla yake, upande wa Kasanda huko. Mtoto akitoka tu, Esteri alimlaza mapajani, akamfuta mdomo kwa kidole, halafu akamfunika pua na mdomo kwa mdomo wake mwenyewe na kunyonya. Ute ule aliotoka nao tumboni, mzito na wa vuguvugu, ukamjaa kinywani. Usikunje uso. Mtoto mchanga hajui kupenga, hajui kukohoa, na ute usipotolewa unamziba palepale alipoanza safari. Wakunga wengi walifanya hivyo, na mama wengi mpaka leo wanawanyonya watoto wao mafua hivyohivyo, wanatema pembeni, maisha yanaendelea.

Ila katika nyumba ya kina Esteri kulikuwa na jambo la zaidi, ambalo wakunga wengine wa Kibondo hawakuwa nalo. Kabla ya kutema alitulia. Alifumba macho, ute ungali ulimini, akavuta pumzi polepole kwa pua. Chumba kizima kilinyamaza. Akishapata alichokuwa anakitafuta, ubichi fulani kama utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi, alitema kwenye jivu na kusema, "Ananukia." Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, si kabla.

Na asipopata? Ilikuwa imetokea mara chache sana katika maisha yake. Alisema neno moja tu, "Hanukii," na wanawake walianza kutoka mmojammoja bila kuaga. Mtoto wa namna hiyo alilazwa kwenye mkeka karibu na ukuta, mbali na mama yake. Alipewa titi akililia, halafu akarudishwa mkekani. Hakubebwa mgongoni, hakuchezewa, hakupewa jina. Mama aliambiwa, "Usimzoee." Iliaminika kwamba mtoto asiyenukia yuko njiani kurudi alikotoka, na ukimzoea hatakubali kurudi peke yake, atakushika mkono muende wote. Wote waliosemwa hivyo walikufa kabla mwezi haujaandama tena. Hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili.

Basi ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye migomba yao, wakapangwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimenyooka mstari mmoja kama watoto wa shule. Migomba ilibaki kule nyuma ikizeeka peke yake. Huku kulikuwa na visiki na vumbi. Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kibaya. Upepo ulianza asubuhi, ukafagia majivu ya mapori yaliyochomwa, ukayaingiza kwenye uji, kwenye nguo, kwenye macho ya mbuzi. Kila mtu alikuwa na mafua. Esteri naye aliumwa mafua wiki nzima na zaidi, yakaisha, pua ikabaki kavu na kuuma, akipenga anaona kijidamu kidogo. Alisema ni vumbi, akaendelea na kazi zake.

Katika kiangazi hicho ndipo Veronica, mke wa mwanawe Ildefonce, aliposhikwa uchungu wa kwanza. Huyu Veronica Esteri alimpenda, na haikuwa siri. Ni yeye aliyemtafuta, akamposea mwanawe, na mimba ilipokawia akawanyamazisha wasemaji wote kwa ule mdomo wake. Mtoto alitoka jua likiwa utosini, mvulana, mzito, mwenye nywele nyingi. Akamlaza mapajani, akanyonya, akafumba macho.

Ulimi ulipata chumvi yake kama siku zote. Akavuta pumzi kwa pua. Hakupata kitu. Akavuta tena, mpaka kifua kikajaa. Patupu. Ilikuwa kama kuita mtu ndani ya nyumba yake na kukuta mwangwi.

"Mama?" Veronica aliuliza kutoka kwenye mkeka. "Mama, vipi? Ananukia?"

Esteri alitema. Alitamani kusema ndiyo. Alitamani sana, mpaka neno lenyewe lilimfika kwenye meno. Lakini akamwona binti yule akimzoea mtoto, akamwona akishikwa mkono na kuondoka naye, na woga ukamzidi nguvu.

"Hanukii," akasema, na sauti haikuwa yake.

Wanawake wakaanza kutoka. Veronica hakulia. Aligeukia ukutani, akakunja magoti, akakaa hivyo mpaka jua likateremka.

Zilizofuata zilikuwa siku za ajabu katika nyumba ile. Mtoto alilala mkekani macho wazi. Hakuwa mtoto wa kulia, na hilo peke yake liliwatia watu hofu. Ukiinama kumtazama, yeye anatazama juu ya bega lako, ametulia, kama anayemsubiri mtu aliyekuja nyuma yako. Esteri aligeuka mara kadhaa kuangalia. Hapakuwa na mtu.

Halafu ikaanza filimbi. Vumbi lilikuwa limemwingia puani, likashikamana na kamasi, na kila akivuta pumzi kilitoka kimlio chembamba, juu, chini, juu, chini. Mchana wa jua kali, kijiji kimelala kwa joto, mlio ule ulitoka mlangoni ukafika barabarani. Waliopita waliongeza mwendo. Mama mmoja alisema anasikia mtu akimwita mbwa ndani ya nyumba ya Esteri, na wanajua wote kwamba pale hapana mbwa. Watoto wakakatazwa kupita njia ile.

Ildefonce alikuwa mtu wa maneno machache, sasa akaacha kabisa kusema. Siku moja walimkuta nyuma ya nyumba ananoa jembe. Alilinoa likang'aa, akaliegemeza nyuma ya mlango, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza la nini, kwa sababu hapakuwa na shamba la kulima katika ardhi ile kavu.

Na Esteri? Aliumia, jamani. Alikaa mbele ya mkeka ule ameikalia mikono yake ili isimwendee mtoto. Veronica akimnyonyesha, alimnyonyesha ametazama pembeni, mikono imenyooka, kisha alimrudisha haraka kama aliyeshika chungu cha moto. Maziwa yakaanza kumkauka. Mtoto aliyezaliwa mzito mashavu yakamteremka, na ngozi ya mapaja ikalegea. Kila siku filimbi ilipungua nguvu. Esteri alijiambia, ndivyo ilivyo, ndivyo walivyokwenda wale wengine, na moyo wake ukakataa kutulia.

Asubuhi moja alishuka kwenye dimbwi walikoloweka muhogo. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake pale bondeni. Muhogo unakaa majini mpaka unaoza ulainike, ndipo unaanikwa na kusagwa. Asiyezoea harufu ya bondeni pale anaweza kugeuza njia. Esteri akatumbukiza mikono, akatoa mzizi mmoja, ukamvunjikia kiganjani, mweupe, unateleza. Sijui ni shetani gani alimtuma, akauleta puani.

Haukunuka.

Akauvunja katikati, akauweka puani tena. Hakuna. Akachota maji yenyewe yale ya kijani, akayanusa. Hakuna. Akanusa matope, akanusa kanga yake, akanusa kwapa lake mwenyewe. Mana yanje, Mungu wangu! Si mtoto peke yake basi. Muhogo haunukii, maji hayanukii, yeye mwenyewe hanukii. Kijiji kizima kiko njiani kuondoka, na hakuna anayejua ila yeye. Akainua macho, akaona moshi ukipanda juu ya zile nyumba zilizonyooka mstari, akaona wanawake wakiteremka na ndoo, wanacheka, na kwa macho yake wote walikuwa maiti wanaotembea.

Aliyemkaribia wa kwanza alikuwa Tunu, mke wa Saidi mwenye duka, mtu wa Ujiji, aliyekuja kununua muhogo mbichi. Alikuwa amejibana pua kwa upande wa ushungi. Esteri akamrukia, akamshika mabega, akamnusa shingoni. Tunu alijipaka udi na karafuu kila alfajiri, kijiji kizima kilijua amepita njia gani. Hakuna.

"Nawe pia!" Esteri akapiga ukelele. "Yoo, Tunu, nawe pia! Tumekwisha wote!"

"We bibi, una nini?" Tunu alimsukuma. "Hebu niachie nguo, mikono yako inanuka! Astaghfirullah, umetoa muhogo umenipaka nao!"

Esteri alisimama kama aliyepigwa kofi. "Unanuka?"

"Unanuka? Mimi hapa machozi yananitoka, wewe unauliza unanuka!"

"Muhogo huu? Huu?"

"Bibi Esteri," Tunu alisema, sasa sauti imeshuka, "husikii harufu? Hiyo si pua yako imekufa hiyo?"

Esteri alikaa chini kwenye matope. Halafu Esteri akainuka, akaacha kikapu palepale, akashika njia ya zahanati bila hata kunawa.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana aliyeletwa na serikali kutoka Songea, jina lake Stanislaus. Wakunga wa jadi hawakumpenda, na Esteri ndiye aliyeongoza kwa kumkejeli. Siku ile alimwamkia yeye kwanza, mtu wa umri wa mwanawe. Stanislaus alishangaa, akamkalisha, akachukua tochi na kumchungulia puani kwa muda mrefu.

"Mama, humu ndani kumekauka," alisema. "Kuna magamba matupu. Mafua yalikupiga, vumbi likamalizia."

"Ndiyo maana sisikii harufu?"

"Ndiyo. Harufu haishikwi ikiwa kavu. Inapoingia puani inalowa kwanza kwenye ute, ndipo pua inaitambua. Ute huo tunauona uchafu, tunaupenga, tunautema, lakini ndio mlinzi wetu. Ndio unaokamata vumbi lisifike kwenye mapafu, ndio unaonasa vijidudu, halafu unavisukuma taratibu kooni, nawe unavimeza bila kujua. Ukikauka, mlango uko wazi." Akazima tochi. "Ute utarudi, labda. Vuta mvuke wa maji ya moto. Labda usirudi, siwezi kukudanganya."

"Na mtoto?" Esteri aliuliza.

"Mtoto gani?"

Akamweleza. Alimweleza vyote: kunyonya, kunusa, mkeka, usimzoee. Stanislaus alisikiliza uso ukimbadilika.

"Anakula?"

"Kidogo. Mama yake maziwa yanakauka."

"Yanakauka kwa sababu mtoto hashikwi! Mama, mtoto huyo haumwi, ana njaa na pua imeziba. Mtoto wa siku hizo hajui kupumua kwa mdomo. Nenda sasa hivi, mnyonye pua, mweke kifuani kwa mama yake, na asitoke hapo." Halafu akasita, akauliza polepole, "Na wale wa zamani, mama? Walikufa kwa kutonukia, au kwa kulazwa mkekani?"

Swali lile lilimwingia Esteri kama mwiba unaovunjikia ndani. Alitoka, na njia nzima alikuwa anakimbia, mwanamke wa umri wake, kanga inamfunguka, na nyuma yake alihisi watoto wadogo wasio na majina wakimfuata kwa hatua za taratibu. Hakuthubutu kugeuka.

Alimkuta Veronica uani anapepeta maharage, na wanawake wawili watatu wamekaa kivulini pamoja na Tunu, ambaye habari ilikuwa imemlemea tumboni akaja nayo mbio.

"Mshike mwanao," Esteri alisema huku akihema. "Mkamwana, nenda kamchukue. Nilikosea. Pua yangu ndiyo imekufa, mtoto ni mzima."

Veronica hakuacha kupepeta. "Ulisema nisimzoee, Mama."

"Nasema nilikosea!"

"Umemwonea huruma tu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Umeona anavyoisha, moyo umekushinda, sasa unanidanganya. Nimehangaika kutomzoea, Mama. Hujui nimehangaika namna gani. Nikimshika leo, akienda kesho, siwezi. Nitakwenda naye kweli."

Hapo ndipo Esteri alipouona uzito wa neno lake. Miaka yote ile alikuwa amelijenga liaminike, na sasa liliaminika kuliko yeye mwenyewe. Tunu alimvuta pembeni, akamnong'oneza, "Bibi, angalia. Hawa wakishasadiki kwamba pua yako haifanyi kazi, nani atakuita tena?" Esteri alimtazama kama hasikii. Kumzibua mtoto pua angeweza peke yake, lakini kifua cha kumweka asingekipata bila Veronica kuamini.

"Nifunge macho," alimwambia Veronica. "Leta chochote. Nitakuonyesha."

Wakamfunga kitambaa, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya uani. Veronica akaja na chupa ya mafuta ya taa, akaisogeza puani. "Sijui," Esteri akasema. Akaja na dagaa wa Kigoma, wale waliokaa guniani masika yote. "Sijui."

"Unajifanya," Veronica alisema. "Kusema sijui si kazi."

"Basi nipe ninywe."

Tunu mwenyewe ndiye aliyechota kwenye mtungi wa maji ya muhogo, yale yaliyolala ndani siku nyingi, akampa kikombe. Wanawake walishika pua. Esteri akakinywa chote, akafuta mdomo. "Maji machachu kidogo," alisema. Mmoja kati ya wale wanawake alikwenda kutapika nyuma ya nyumba. Wengine walitazamana, na katika macho yao kitu alichokuwa nacho Esteri maisha yake yote, ule woga uliomlinda, kilikufa palepale. Aliusikia ukimya wao, akajua. Hakujali.

"Leta kingine!" alisema. "Leta!"

Veronica aliingia ndani. Alikawia. Upepo ulikuwa umetulia, na mmoja wa wanawake alitaka kusema kitu, akakosa ni kitu gani kilichobadilika. Ni Tunu aliyetambua: filimbi ilikuwa imenyamaza.

Veronica akatoka akitembea polepole sana, amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitenge. Uso wake haukuwa na kitu. Aliinama mbele ya mama mkwe wake, akafunua kitenge, akasogeza kile kitu karibu kabisa na uso wake. Hakuna mwanamke aliyevuta pumzi.

Esteri akanusa. Akanusa tena, akasogeza uso kulia na kushoto.

"Hapa hapana kitu," alisema. "Ondoa. Ni hewa tu."

Tunu akaanza kulia. Na hapohapo, kwenye giza la kitambaa, kitu kidogo kilipiga chafya. Ilikuwa chafya dhaifu, karibu haikusikika, lakini Esteri alirushiwa mdomoni na kidevuni kitu chenye unyevu na vuguvugu, na alikijua. Angekijua hata akiwa kaburini.

Akapiga yowe. Mikono ikatoka yenyewe, ikamnyakua mtoto, ikampata kichwa, ikampata shingo. Hakumwona, hakumnusa. Alibandika mdomo kwenye pua ile ndogo akanyonya, akatema chini; kamasi lilikuwa zito, jeusi kwa vumbi, linavutika. Akanyonya tena, akatema. Mtoto alikuwa amelegea. Akanyonya mara nyingine, kwa nguvu, na akasikia kwa mdomo wake hewa inapita, inaingia, na kifua kile kinapanuka chini ya kiganja chake. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyekaa muda mrefu akingoja zamu yake ya kusema, na kilio kikatoka uani kikafika barabarani.

"Hukujua," Veronica alisema. "Mama, hukujua kwamba ni yeye. Nimekuwekea mjukuu wako usoni, na hukujua."

"Sikujua, mwanangu."

Veronica alimchukua mtoto mikononi mwake. Aliketi palepale kwenye vumbi, miguu imenyooka, akavuta blauzi, akamkandamiza kifuani kwa mikono yote miwili. Mtoto alihangaika, akakohoa, akalipata titi. Wanawake walikaribia, wakamzunguka, mmoja anamshika bega, mwingine anamwambia amlaze hivi, asimbane pua, hivyo hivyo.

Hakuna aliyekumbuka kumfungua Esteri kitambaa. Alikaa juu ya kinu, kidevu kimelowa, mikono mitupu mapajani, na hakukifungua mwenyewe. Aliogopa akiona atakosa kusikia. Aligeuza sikio, akasikiliza mtoto anavyomeza.